Saruji Si Saruji

“Saruji ni saruji, Mzee!”

“Saruji si saruji!” Thani alijibu, na fimbo yake ikapiga sakafu kwa kishindo, hata popo wawili waliokuwa wamelala darini wakafumbua jicho mojamoja wasikilize.

“Wacha nikuambie,” alisema Cornelius. “Mimi nilipata A ya Kiswahili. Shule nzima tulikuwa wawili tu, mimi na msichana wa mwalimu mkuu. Saruji ni simiti. Ile ya mfuko, ile unachanganya na mchanga. Ulinipigia simu ukasema, ‘Kornelio, piga saruji, tabaka tatu.’ Nikapiga simiti, tabaka tatu. Sasa makosa yangu iko wapi?”

“Yako ukutani! Huyaoni?”

Na kweli yalikuwa ukutani. Ufa ulianzia sakafuni ukapanda mpaka dirishani, mpana kiasi cha mjusi aliyenona kupita bila kuvuta tumbo.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa buruji, ndivyo wanavyoita Oman mnara wa ulinzi wa watu wa kale. Hii ilisimama peke yake juu ya kijilima ukishaipita Rusayl na viwanda vyake, ikilitazama shamba la mitende la Bwana Khattab. Ilikuwa ya duara, ghorofa mbili, mlango mmoja tena mfupi. Marehemu Fundi Mahfoudh, aliyemfundisha Thani kazi, alikuwa akisema mlango mfupi una adabu kuliko mwalimu: aingiaye hutanguliza kichwa, akiwa rafiki ameshasalimu, akiwa adui ameshajileta. Bwana Khattab alipoingia mara ya kwanza hakuinama, akatoka na nundu iliyomkaa wiki mbili, na tangu siku hiyo hakuipenda buruji wala mlango wake.

Baridi iliyopita buruji ilihitaji kuvikwa lipu upya. Goti la Thani lilikuwa limevimba kama boga, hakuweza kupanda kilima, basi kazi ikafanywa kwa simu: Thani amelala kitandani nyumbani kwake Ghubra anaagiza, Cornelius, Mkenya msimamizi wa waashi, yuko juu anatekeleza. Likaja joto la Juni, lile linalokaanga yai juu ya boneti ya gari, zikafuata mvua mbili za ghafla, na ile simiti ikapasuka juu mpaka chini. Bwana Khattab, aliyekusudia kufungua nyumba ya wageni pale shambani, alipouona ufa akasema minara ya duara imepitwa na wakati. Ataibomoa, ajenge mnara wa pembe nne kama ya ngome za Ulaya. Akamwachia Thani kitabu cha picha, ukurasa ameukunja ncha: nataka kama hii.

Leo Ijumaa, baada ya alasiri, angekuja kusikia neno la mwisho la mafundi. Tingatinga lilikuwa limeshaletwa, limeegeshwa chini kwenye mitende. Kwa hiyo palikuwa na saa moja tu, na hiyo saa moja walikuwa wakiitumia kugombana.

Baina yao, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa Bi Ruqaya, mkewe Thani, na kikapu cha vitumbua magotini, kama kadhi aliyekwishakula.

“Endeleeni,” alisema. “Huyo dereva wa tingatinga anapunga upepo tu.”

Thani akauegemea ukuta. Alikuwa na miaka sabini na moja, na katika hiyo, hamsini na moja aliila na kuta.

Alizaliwa Wete, Pemba. Alipofika Maskati alikuwa kijana wa miaka ishirini mwenye shati moja na Kiarabu cha kumwombea Mungu. Cha kuombea maji ya kunywa hakuwa nacho. Wenzake waliotoka Unguja na vyeti vyao walijua Kizungu, wakapewa meza, kiti na kengele ya kuitia chai. Thani hakukanyaga darasa. Alipewa ndoo. Watu wa bara ya Oman walimwita Zinjibari na kumcheka alivyotamka, na yeye akajiapia kuwa ataipigia nchi hii kuta mpaka ziseme jina lake, maana kuta hazicheki matamshi.

Na alizipiga. Mwenyewe anasema ametengeneza buruji arobaini na moja. Bi Ruqaya anasema kumi na tisa. Ukweli uko njiani, utafika. Kidole gumba chake cha kulia kilikomaa kwa kusawazisha kuta hata mbu walikuwa wakikivunjia sindano zao, na mbu wa mtaa mzima wakaambizana wakihame. Siku moja, huko ndani milimani, aliteleza juu ya mnara na kikombe cha kahawa mkononi. Akaanguka wima, akatua wima, akainywa kahawa yake. Alilosikitikia ni moja tu: ilipoa njiani.

Lakini lililo kweli, asilolipinga hata mkewe, ni sikio lake. Thani aliugonga ukuta kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akasikiliza, akakwambia mwaka uliojengwa, fundi alikuwa na haraka au hana, na wapi panaumwa. Kwa sikio lile waliitwa yeye na Fundi Mahfoudh kila palipokuwa na mnara unaolalamika. Na buruji hii ya Bwana Khattab ndiyo ya kwanza aliyoachiwa aivike peke yake, mwaka wa sita wa kazi. Ikianguka hii, arobaini zilizobaki, au kumi na nane, ni hadithi ya mzee tu.

“Hebu nisomee hicho kitabu,” alisema mwishowe. “Nimjue adui yangu kabla hajafika.”

Cornelius aliketi juu ya kizingiti, akajifuta vumbi mikononi. Ndevu zake zilikuwa na mvi mbili tatu, lakini Thani alimwita kijana, naye alishazoea. Akafungua kitabu, akawa anasoma Kizungu kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo.

“Hapa wanaanza na minara ya zamani zaidi. Pembe nne, kubwa, nene. Ukuta karibu mita nne. Bwana wa ngome aliishi humohumo, na kisima ndani, na ghala ndani, na kanisa ndani.”

“Pembe nne,” alisema Thani. “Basi ana masikio manne ya kushikwa. Tazama, kijana. Ukuta wa duara ukiupiga jiwe, jiwe linateleza linakwenda zake. Pembe ukiipiga, inakatika kama kona ya biskuti. Halafu adui akijibanza chini ya pembe, mlinzi aliye juu hamwoni mpaka atoe nusu ya mwili nje. Na akiutoa, mkewe anakaa eda.”

“Ndivyo wameandika!” Cornelius alishangaa. “Neno kwa neno. Isipokuwa hiyo ya eda.”

“Wameandika lini?”

“Kitabu ni cha juzi tu.”

“Mimi nimelijua tangu nina meno yote.”

Bi Ruqaya akatoa kitumbua, akampa Cornelius. “Kula, mwanangu. Msomaji hasomi na njaa. Kuna nini tena?”

Cornelius akafunua. “Hii sasa ni nusu. Mbele imezunguka kama mwezi nusu, nyuma haina ukuta. Iko wazi.”

“Fundi alikufa kabla hajamaliza,” alisema Bi Ruqaya. “Masikini.”

“Hapana, Mama, ni makusudi. Imetoka nje ya ukuta mkubwa. Adui akiikamata, akiingia ndani yake ajifiche, mgongo wake uko wazi kwa wenye ngome. Wanamchapa mishale kutoka nyuma.”

Thani akanyosha mkono, akakichukua kitabu, akakitazama kwa karibu kisha kwa mbali, kama anayekagua chapa ya noti. Hakuwa mtu wa kusifu kazi ya mwingine bure.

“Aliyeifikiri hii,” alisema taratibu, “laiti ningemjua. Ningempa binti yangu.”

“Binti yupi? Una wana wa kiume watupu.”

“Ningemtafuta!”

Wakacheka wote watatu, na ugomvi ukawa kama umetoka nje kidogo kupunga upepo. Cornelius akaonyesha minara miwili ya duara iliyobana lango katikati. Thani akasema hao ni mtu na mke wake, apitaye kati yao hatoki na siri. Cornelius akasoma kuwa juu ya lango paliachwa matundu ya kumwagia adui mawe na maji ya moto.

“Maji!” Thani alisonya. “Yakhe, maji yanakauka. Sisi hapa tulimwaga asali ya tende, imechemka. Ile haikauki, inashika. Adui anakufa ananukia sherehe, na nzi ndio wanaomzika.”

“Sasa ya arbab,” alisema Cornelius, akaufungua ukurasa uliokunjwa ncha. Arbab ni tajiri mwenye kazi, neno ambalo kila kibarua wa Maskati hulijua kabla hajajua pa kununua chumvi. Picha ilionyesha mnara mkubwa wa Kiingereza, wa pembe nne, umesimama kifua mbele. Cornelius akasoma kimya. Akarudi juu, akasoma tena. Mabega yake yakaanza kutikisika.

“Unacheka nini? Tucheke sote.”

“Mzee, hii ngome ya arbab ina kona tatu za mraba. Ya nne ni ya duara! Picha imepigwa upande huu, ile ya duara iko nyuma huko, haionekani.”

“Ya duara? Kwa nini?”

“Ngoja. Wanasema watu waliasi wakajifungia ndani. Mfalme akaja kuwatoa. Ukuta ukamshinda. Basi akaleta wachimbaji, wakachimba shimo chini ya kona moja, wakaikalisha juu ya magogo ili isianguke kabla ya wakati. Halafu wakajaza shimo na kuni, na ili ziwake vizuri wakatia...” Akasita, akamtazama Bi Ruqaya. “Wakatia mafuta ya nguruwe. Nguruwe arobaini.”

“Audhubillahi!” Bi Ruqaya akafunika vitumbua haraka kwa kanga, kana kwamba mafuta yataruka kutoka kitabuni. “Arobaini?”

“Arobaini, wale wanono kabisa. Magogo yakaungua, kona ikaporomoka. Na baadaye walipoijenga upya ile kona, hawakurudia pembe. Waliijenga duara.”

Thani akasimama, goti na yote, bila kuishika fimbo.

“Wametubu,” alisema.

“Nani?”

“Wazungu. Wametubu kwa mawe. Waliomba radhi kwenye pembe ya nne, mbele ya watu, na mpaka leo toba yao imesimama. Na Bwana Khattab anataka kuiga dhambi na kuiacha toba!”

Alitembea akazunguka chumba chote, kifua mbele kuliko ule mnara wa picha. Miaka yote alimwamini Fundi Mahfoudh tu, mzee wa milimani ambaye hakuwahi kupanda hata meli. Kumbe mbali huko, watu wasiomjua wala kusikia jina lake walifika mlango uleule kwa njia ya moto.

“Sasa Bwana Khattab utamwambiaje habari ya nguruwe?” aliuliza Bi Ruqaya. “Mtu wa swala tano yule. Semeni kondoo.”

“Imeandikwa nguruwe, Mama, na yeye Kizungu anakijua.”

“Basi semeni mnyama. Mnyama mnono.”

Lakini Cornelius alikuwa amekifunga kitabu, na uso wake umerudi kwenye ufa. “Mzee, hiyo ni ngome ya kwao. Arbab ataniuliza ufa wa hapa. Umeingia mpaka ndani ama ni ngozi tu? Hiyo ndiyo kitu atauliza.”

Hapo furaha ya Thani ikakaa chini. Alikwenda ukutani, akaweka sikio, akagonga kwa kifundo cha kidole. Akagonga tena juu kidogo. Simiti ilijibu kwa sauti ya godoro. Haikusema kitu. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wake, ama mzima ama umepasuka, na kwa mara ya kwanza tangu ujana sikio lake halikuweza kufika.

“Lete nyundo,” alisema. “Tuibandue.”

“Hapana, Mzee.”

“Kornelio.”

“Nasema hapana! Tukibandua na ndani kuna ufa, tumembomolea sisi wenyewe. Tena mimi nimeajiriwa. Nitaandikwa mtu aliyeharibu ukuta mara mbili. Tumwambie tu ya Wazungu, tuombe Mungu.”

“Umeuzika ukuta wangu!” Thani akawaka upya. “Umeuvika sanda ya dukani, hauwezi hata kupumua, na sasa unanikataza kuufukua! Mtu mzima, fundi, hajui saruji! Udongo unaochomwa kwa magogo ya mtende siku na siku, ukapondwa, ukachujwa, ukapigwa na maji mpaka ukalainika kama mkate wa kusukuma, wewe unaniletea mfuko! Mtu gani mwenye akili zake ataambiwa saruji, akaenda kuleta mfuko?”

Bi Ruqaya alikohoa.

Alikuwa na kikohozi maalumu, kisichotoka kifuani. Thani alikijua kwa miaka arobaini na sita ya ndoa, akageuka haraka.

“Ruqaya, usithubutu.”

“Mwambie ya kiti.”

“Kiti gani?” aliuliza Cornelius.

“Hakuna kiti!”

“Mwanangu Kornelio,” alisema Bi Ruqaya, akajiweka sawa juu ya ndoo, “mume wangu alipoanza kazi kwa Fundi Mahfoudh, wiki nzima hakuelewa neno. Anaambiwa kushoto, anakwenda kulia. Anaambiwa shuka, anapanda. Siku ya saba yule mzee akampungia mkono, akamwambia, lete saruji. Kwa Kiarabu chao, lakini neno ni lilelile. Masikini Thani! Neno la kwanza kulifahamu Maskati! Machozi yalimtoka kwa furaha. Akatoka mbio mpaka Matrah madukani, akarudi na mfuko wa simiti kichwani, jua la saa saba, akautua mbele ya bwana wake kama mtu aliyeleta mahari.”

Cornelius alikuwa ameziba mdomo kwa kitabu.

“Fundi hakucheka. Aliutazama mfuko, akaukalia, akala chakula chake. Kesho yake akaukalia tena. Mvua ikaja, mfuko ukaganda ukawa jiwe, na miaka mitatu kila walipohamia walikuwa wakiubeba. Kibarua mpya akifika anaonyeshwa: usikae hapo, hicho ni kiti cha Thani.”

Kicheko cha Cornelius kilipasuka hata popo wakahama upande. Alicheka mpaka akaushika ukuta, na Thani alisimama katikati ya chumba, fimbo mkononi, hana pa kuitia. Miaka hamsini na moja alikibeba kile kiti moyoni bila kumwambia fundi yeyote. Arobaini na tano kati ya hiyo alikibeba na jina kubwa juu yake. Akamtazama yule Mkenya mwenye ndevu, aliyekuja nchi ya watu kama alivyokuja yeye, aliyedanganywa na neno lake mwenyewe kama alivyodanganywa yeye. Mdomo wake ukaanza kupinda, akaukaza, ukamshinda.

“Kilikuwa kiti kizuri,” alisema. “Baridi wakati wa joto.”

Walipomaliza kucheka, Cornelius alitoka nje mwenyewe, akarudi na nyundo na tindo. Akamnyoshea Thani.

“La,” alisema Thani. “Aliyemvika bibi arusi nguo mbaya ndiye amvue. Piga hapa, pembeni ya ufa. Si kwa nguvu. Mwombe.”

Cornelius akaomba. Pigo la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne simiti ikaguna, ikaachia, na bamba zima lenye ukubwa wa mlango likaporomoka miguuni pao. Vumbi likajaa, hakuna aliyemwona mwenziwe. Bi Ruqaya alisikika akisoma dua na kulinda kikapu.

Vumbi lilipotulia, ukuta ulikuwa pale. Rangi ya mkate uliotoka jikoni, laini, una mawimbi ya viganja vilivyopita juu yake miaka arobaini na tano iliyopita. Ufa haukuwapo. Si mkubwa, si mdogo, wala wa unywele. Simiti ilipasuka peke yake, kama kanzu iliyombana mtu mwenye afya.

Thani akakunja kidole, akagonga.

Ukuta ukalia, sauti ya mtungi uliojaa.

“Weka sikio,” alisema.

Cornelius akaweka. Thani akagonga tena, na yule msimamizi akafumba macho, akakaa hivyo na shavu lake limeganda ukutani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipojitoa alikuwa na alama nyekundu ya vumbi shavuni.

“Mzee,” alisema polepole. “Nifundishe hiyo saruji yako.”

Wana wa Thani, watatu, wote wako maofisini, kila mmoja na kiti cha kuzunguka. Hakuna aliyewahi kuuliza. Fundi Mahfoudh alimwambia asimpe mtu siri ya udongo ila mwenye sikio.

“Kwanza,” alisema Thani, “uisahau ile A.”

“Nimeisahau.”

“Basi kaa kitako, nnakwambia mara moja tu.”

Chini ya kilima mlango wa gari ukafungwa. Bi Ruqaya akainuka afagie vifusi, Thani akamzuia kwa mkono: viache, avione. Kishindo cha viatu kikapanda, kikapumzika, kikapanda tena. Thani hakugeuka. Alikuwa ameokota kipande cha ile saruji ya kale kilichodondoka, anakisaga baina ya vidole ili Cornelius aone kilivyo ndani.

“Udongo wenyewe,” alisema, “hauchimbwi popote tu. Kuna bonde moja, ukishapita kijiji cha pili, kushoto kwako utaona—”

Mwanga wa mlangoni ukazibwa. Kofia ilitangulia, ya kudariziwa, kisha paji la uso, kisha mkono wenye futi ya kupimia. Safari hii Bwana Khattab alikuwa akiingia ameinama mpaka kiunoni. Thani akafumba mdomo, akakifungia kile kipande kiganjani mwa Cornelius.